Dada Lenah na Wodi Aliyokataa Kuipigia Kelele

Maisha ya Lenah Kageha Kweyu (1951–1997), yaliyosomwa na mdogo wake kwenye ibada ya kumuaga, mtaa wa Mbotela, Nairobi, Ijumaa tarehe 27 Juni 1997

Wazee wetu, majirani wa Mbotela, watu wa kanisa, na ninyi wauguzi mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka kazini: mimi ni Owen Luseno, mdogo wake Lenah, na ni karani katika mahakama za Makadara. Kazi yangu ni kuwasomea watu karatasi zilizoandikwa na wengine. Hii nimeiandika mwenyewe. Kamati ya mazishi ilinishauri niseme tu kwamba marehemu aliugua kwa muda kisha akatutoka. Nimewasikia wazee, na nimekataa kwa heshima. Dada yangu alikufa na maumivu ambayo dawa yake ilikuwa ndani ya kabati, katika wodi ileile aliyolala, na nisiposema hapa sitasema mahali pengine.

Marehemu Lenah Kageha alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha kupanga huko Pumwani, kifungua mimba wa Mzee Zakayo Luseno na Mama Rasoa. Baba alikuwa ametoka Chavakali kuja kutafuta kazi, akaipata kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area. Mama aliuza uji asubuhi kwa wanaume waliopita kwa miguu kuelekea mjini. Mwaka wa 1959 familia ilipata nyumba ya Baraza la Jiji hapa Mbotela, na hapa ndipo tulipozaliwa sisi wengine wawili, dada yetu Eve na mimi. Lenah alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburutika chini. Majirani walipomwambia aniweke, alisema huyu akishuka ataenda kupigana. Alinijua mapema.

Alisoma shule ya msingi karibu na Jogoo Road hadi mwaka wa 1965, kisha akapelekwa shule ya upili ya wasichana huko Kakamega, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1969. Mama alitaka awe mwalimu. Lenah alimjibu kwamba mwalimu hupewa chaki lakini nesi hupewa saa ya kubandika kifuani, na yeye alikuwa anaitaka ile saa. Januari 1970 aliingia chuo cha uuguzi Nakuru, akafuzu uuguzi na ukunga mwaka wa 1973. Alirudi nyumbani na kofia nyeupe, na Mama akamkataza kuivua hata wakati wa kula, mpaka watu wa laini yetu yote ya nyumba wawe wamepita kuiona.

Alianza kazi Januari 1974 katika zahanati za uzazi huku Eastlands, na hakuondoka huku mpaka alipougua. Siwezi kudanganya mbele ya jeneza: miaka ile ya kwanza dada yangu alikuwa mkali. Kina mama wa Makadara walimwita Sista Jikaze, kwa sababu hilo ndilo neno aliloanza nalo na ndilo alilomaliza nalo. Ukienda naye sokoni uliona wanawake wenye mimba wakivuka barabara. Lakini mtoto akishatoka, ni yeye huyo huyo aliyemkanda mama, akamchemshia chai kwa majani aliyobeba kutoka nyumbani, akamwambia amefanya vizuri. Wengi wenu hapa mlipokelewa duniani na mikono yake, na wengine mlipokelewa kwa kofi.

Tarehe 6 Desemba 1975 aliolewa na Japheth Kweyu, seremala kutoka Butere, mwenye karakana kando ya Jogoo Road. Kweyu ni mtu wa maneno machache. Siku alipokuja kuposa alikaa kimya hadi Baba akamwuliza mshenga kama kijana huyu ana shida ya kusikia. Lenah alitoka jikoni akasema, “Baba, anasikia. Mimi nitaongea kwa niaba yetu wawili.” Na kweli aliongea kwa niaba yao wawili miaka ishirini na moja. Mungu aliwabariki na Marion mwaka wa 1977 na Andati mwaka wa 1980.

Mwaka wa 1993 ndipo kazi yake ilipogeuka. Watafiti wa afya walikuja Eastlands na jambo ambalo karani wa mahakama hahitaji kuelezwa mara mbili: ushahidi upo, lakini hukumu haibadiliki. Utafiti ulikuwa umeonyesha, nchi baada ya nchi, kwamba mama anayejifungua akiwa na mtu wake karibu hujifungua vizuri zaidi. Kwenye nyumba zetu za uzazi, mama mkwe na dada waliachwa langoni na kikapu. Makala ziliandikwa, wakubwa wakazisoma, na lango likabaki limefungwa. Walitakiwa wauguzi wa kusimama katikati, wausaidie utafiti uingie wodini uwe kazi ya kila siku. Waliitwa wawezeshaji. Lenah alichaguliwa, nadhani kwa sababu ya sauti yake.

Alianzia Nyumba ya Uzazi ya Baraka, na akafanya kosa ambalo sisi watu wa huku sote tungelifanya. Alifanya sherehe. Kulikuwa na maombi ya kufungua, kwaya, mgeni wa heshima aliyechelewa, hotuba ya mgeni wa heshima, hotuba ya kumshukuru mgeni wa heshima, soda, na picha ya pamoja. Bango lilibandikwa ukutani: Mama Asiachwe Peke Yake. Mimi nilikuwepo, nilikula keki. Wiki iliyofuata Lenah alipita pale akawakuta mama wakwe langoni, wamekalia vikapu vyao, na ndani mama anaita peke yake chini ya lile bango. Alirudi nyumbani akalia kwa hasira.

“Owen, walinipigia makofi,” aliniambia. “Walinipigia makofi, wakarudi palepale.”

Jibu alilipata kwenye chama chake cha wanawake wa Mbotela. Wenye chama mnajua: mgeni akifika mapema kwa mwenzake haketi sebuleni kungoja chai. Anaingia jikoni, anakunja mikono ya blauzi, anaosha vyombo na mwenyeji, na ni pale kwenye karai ndipo mwenyeji humwambia shida za kweli za nyumba ile. Sebuleni husema kila kitu kiko sawa. Lenah aliachana na hotuba. Alirudi Baraka bila karatasi yoyote, akaomba kazi. Alisafisha vifaa, akatandika vitanda, akapiga deki. Aliporudi tena aliuliza jambo moja tu, kwamba hapa mnafanya hivi kwa nini, kisha akanyamaza asikie, na kunyamaza kwake kulikuwa kazi kuliko deki. Akagundua kwamba wakunga wa Baraka hawakuwachukia jamaa za mama. Waliogopa kwamba mama mkwe akiona damu atapiga mayowe, mtaa ujae langoni, walaumiwe. Bango halikuwa limejibu hofu hiyo hata kidogo.

Hapo ndipo alipowasomea utafiti, kwa Kiswahili cha nyumbani. Akawaambia wachague mama mmoja na jamaa mmoja asiye na papara, wajaribu, naye atakuwepo. Walijaribu. Jamaa yule hakupiga mayowe, alimshika mama mgongo. Wakajaribu na mwingine. Kufikia mwisho wa 1994 lango la Baraka lilikuwa wazi, na jina la Sista Jikaze likawa halisikiki tena Makadara.

Watafiti walipoona hayo walimwomba afundishe wawezeshaji wengine. Kuanzia Februari 1995 wauguzi kumi na wawili walikuwa wakija kwake kila Jumamosi, wamebanana kwenye viti alivyovitengeneza Kweyu. Lenah alisema kusoma utafiti mtu anaweza kujifunza kitandani, lakini kuupeleka kwa mtu asiyeutaka ni ufundi wa mikono, lazima ufanye ukikosea. Kwa hiyo kila mmoja alipaswa kumshawishi matroni mkaidi, mkuu wa wauguzi, na matroni huyo alikuwa Kweyu, amefungwa taulo nyeupe kichwani. Yule shemeji yangu asiyeongea! Alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono, na kwa kila hoja akajibu, “Hapa sisi tumekuwa tukifanya hivi.” Aliwatoa jasho.

Aliyeshindwa kuliko wote alikuwa Wayua, nesi kijana wa Makongeni, mwenye moyo wa moto. Siku moja alimpigia Kweyu kelele mpaka taulo ikaanguka. “We matroni, watu wanaumia na umekaa tu hapo! Si usome hii karatasi, ama huoni?” Kweyu aliokota taulo, akajifunga, akakunja mikono tena. Lenah alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwambia, “Wayua, umeshinda maneno, lakini wodi imekushinda. Wewe jioni utaenda kwenu. Huyu ndiye atabaki na funguo.” Wayua alirudia zoezi lile hadi Kweyu mwenyewe akamwonea huruma.

Ningetamani kuishia hapo, twende tukale. Mradi ulifungwa mwishoni mwa 1996, namna miradi inavyofungwa, kwa barua ya shukrani. Kati ya wale kumi na wawili, wengine walihamishwa mbali, wengine walikwenda kutafuta kazi Uingereza, na wawili tuliwazika. Leo wamebaki wanne. Lenah aliendelea na Jumamosi zake akiwapa chai ya strungi, maana maziwa yaliondoka na mradi. Nilimwuliza anamfundisha nani. Alisema anawafundisha waliokuja.

Ugonjwa ulianza mapema mwaka wa 1996. Alitokwa na damu isivyo kawaida, akaenda kuonwa, akaambiwa ni umri. Mganga hajigangi. Mwanamke aliyewafundisha wengine kuuliza “tumejuaje?” aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akapokea vidonge, akarudi kazini. Alikwenda tena, akaambiwa ni uchovu. Februari 1997 daktari mwingine alimpima ipasavyo, akakuta saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imekwisha kufika mgongoni. Tarehe 19 Mei alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa aliniapisha nisiitaje.

Katika wodi ile mofini, dawa kali ya maumivu, ilikuwepo. Funguo za kabati alikuwa nazo msimamizi wa wodi, Sista Warigia. Desturi ya pale ilikuwa moja: dawa ile hupewa anayepiga kelele, tena kidogo, na hutolewa baada ya kelele, eti mgonjwa asije akaizoea. Utafiti ulikuwa umekwisha kusema kwamba mgonjwa wa saratani akipewa kipimo chake kwa saa zake, kabla maumivu hayajampanda kichwani, hageuki mlevi wa dawa. Anatulia. Lenah aliujua utafiti huo vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Lakini alikuwa pia mtoto wa Mzee Luseno, na katika nyumba yetu mtu mzima halii mbele ya watu. Alinyamaza akauma shuka. Na kwa sababu alinyamaza, alipewa vidonge vya kuumwa na kichwa.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Bi Batulo, mama wa Majengo, naye alikuwa na saratani ya titi. Huyo alilia. Walimpa kidogo, ikaisha nguvu kabla ya wakati, akalia tena, nao wakasema, mnaona, ameanza kuizoea. Ukinyamaza hupati, ukilia umekuwa mlevi. Mimi nimekaa mahakamani miaka mingi na sijawahi kuona kesi iliyofungwa pande zote namna ile.

Nilitaka vita. Nilimwambia Lenah kwamba ninawajua mawakili, ninamjua hakimu, kesho nitamleta mkubwa wa hospitali mpaka kando ya kitanda hiki. Alinishika mkono.

“Utanipatia dawa, Owen,” alisema. “Watakuogopa, watanipa. Na Batulo je? Mkishanizika, kabati litafungwa vilevile.”

“Dada, wewe ndiye unayeumwa.”

“Najua nani anaumwa. Niitie Wayua.”

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Jumapili moja alinivuta kola, macho yamemtoka, akaniambia, “Nenda ukawapigie kelele. Nenda sasa hivi. Vunja hilo kabati.” Nilikimbia kwenye korido. Sista Warigia alikuwa ametoka zamu, na waliobaki hawakuwa na funguo. Niliporudi Lenah alikuwa amegeukia ukutani. Aliniambia nisahau alichosema. Sijasahau, na sitasahau.

Wayua alikuja. Nilimngojea kwa hamu yule Wayua wa kelele. Alimsalimia mwalimu wake, akaiona hali yake, uso ukambadilika, kisha akatoka akaenda kwenye chumba cha kuoshea, akakusanya mabakuli ya wagonjwa, akaanza kuyasugua. Niliduwaa. Nilimfuata.

“Wayua, mtu anakufa kule na wewe unaosha bakuli?”

Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye karai. “Anko Owen, tafadhali, niache nifanye kazi.”

Alikuja kila alipotoka kazini kwake. Alitandika, akawageuza wagonjwa wazito, akabeba yale ambayo hakuna anayetaka kuyabeba. Sista Warigia alimkazia macho siku kadhaa kabla ya kumwuliza, “Kwani wewe umetumwa na nani?”

“Sijatumwa, Sista. Nimekuja kuona mwalimu wangu. Lakini siwezi kaa tu hapo na mko wawili na wodi imejaa hivi.”

Warigia alimtazama, akampa glavu.

Kila jioni Wayua alirudi kando ya kitanda kutoa habari, na Lenah, akiwa katika hali ile, alimfanyisha mazoezi. Alisema nini? Na wewe ulikuwa umesema nini kabla hajasema hilo? Kwa nini ulimkatiza? Kesho usimkatize. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu, ikawa inabidi Wayua ainame mpaka mdomoni. Nilikaa pale nikimsikiliza mtu anayeungua akimfundisha mwenzake namna ya kuomba maji kwa adabu. Nilitoka nje mara nyingi. Kweyu hakutoka. Alikuwa ametengeneza kiti kidogo cha kukunja akakileta wodini, na juu ya kiti hicho alimpepea mkewe tangu wageni wanaporuhusiwa hadi wanapofukuzwa.

Siku moja Warigia na Wayua walikuwa wakinywa chai kwenye chumba cha wauguzi. Wayua alimwuliza kwa nini dawa ile hungojea kelele. Alituambia kwamba aliuliza kisha akashikilia kikombe kwa mikono miwili ili asiseme neno jingine. Warigia aliweka kikombe chake chini.

“Nikiwa mpya, nilipea kijana fulani hiyo dawa,” alisema mwishowe. “Sindano. Ilikuwa imeandikwa vile. Akaacha kupumua nikimwangalia. Walinisimamisha mbele ya kamati kama mwizi, na daktari aliyeandika hakuja. Tangu hiyo siku, mgonjwa akilia, angalau najua anapumua.”

Wayua alipotusimulia hayo, Lenah alifumba macho akasema, “Sasa umefika.” Mimi sikuona tumefika wapi. Juni ilikuwa imeingia, na dada yangu alikuwa hawezi kugeuzwa bila kuung'ata mdomo mpaka utoke damu. Nilimwambia Wayua aharakishe. Alisema, “Anko, nikiharakisha nitarudi mwanzo,” na niliona kwamba anaogopa sawa na mimi.

Hakubishana na hofu ya Warigia. Alimletea makala, wakaisoma pamoja mstari kwa mstari: dawa ya kunywa na si sindano, kuanzia kipimo kidogo, mgonjwa achunguzwe pumzi zake, kipimo kifuate saa. Warigia aliuliza maswali magumu. Mengine Wayua hakuyajua, akasema hajui, akaenda kuuliza, akarudi na majibu. Jumatano tarehe 18 Juni Warigia alikubali wajaribu na mgonjwa mmoja, ilimradi daktari aandike amri ili asiachwe peke yake tena, na Wayua awepo. Mgonjwa huyo angekuwa Lenah. Tulishikana mikono, mimi na Kweyu, kama watu walioshinda kesi. Lakini daktari wa wodi alikuwa semina hadi Alhamisi alasiri, na daktari wa zamu alisema hawezi kumwandikia mgonjwa wa mwenzake.

Lenah alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 1997, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Msiambiane kwamba alilala tu akaondoka. Hakulala. Siku ile alilia, mtoto wa Mzee Luseno, mbele ya watu, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, na sista aliyekuwa zamu akaenda mbio kutafuta funguo, na funguo zikaja maumivu yakiwa yamekwisha kumaliza kazi yake. Kweyu alikuwa amemkumbatia. Alimwita, Kageha, Kageha, na hakuwa na neno lingine.

Alasiri daktari alirudi. Sisi bado tulikuwa tunangoja karatasi za kuchukulia mwili. Nilimwona Wayua amesimama kati ya kitanda kilichoondolewa shuka na kile cha Bi Batulo, macho yamemvimba. Nilidhani atafanya ambalo mimi ningefanya, atupe zile glavu aende zake. Alimgeukia Sista Warigia akamwuliza kwa upole, “Sista, tuanze na nani?”

Warigia alilia akiwa amesimama. Kisha akafungua kabati. Daktari aliandika, Bi Batulo akanyweshwa, na Warigia akavuta kile kiti cha kukunja alichokiacha Kweyu, akakaa, akaweka kiganja kwenye kifua cha yule mama, akahesabu pumzi zake. Zamu yake iliisha akiwa hapo, na hakuinuka.

Mimi sikushukuru. Nilitoka nje nikaupiga ukuta teke mpaka mlinzi akanishika. Jioni watu wa kanisa walikuja kutufariji, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Niliwaambia ni mapenzi ya semina. Nawaomba radhi kwa ukali, ila sijabadilisha maoni.

Jumapili nilirudi wodini kuchukua kanga na viatu vya marehemu. Nilitaka kupita haraka, lakini Bi Batulo aliniita. Uso wake sikuutambua, maana sikuwahi kuuona ukiwa haujakunjamana. Alinishika mkono. “Mwanangu,” alisema, “pole kwa dada. Mimi nimelala. Nimelala hadi sala ya alasiri ikanipita, na sijui kama nitubu au nishukuru.” Nilicheka, na nikiwa bado ninacheka nikaanza kulia, na yeye akanisubiri mpaka nikamaliza.

Sista Warigia yuko hapa leo, ameketi nyuma. Nilipomwona akiingia nilikuwa na maneno ya kumwambia, na nimeyaacha. Sijamsamehe bado. Yeye anajua, na amekuja vilevile, na juzi amenitumia habari kwamba wagonjwa wengine watatu wanapewa dawa yao kwa saa. Hiyo ni wodi moja. Hospitali ile ina wodi nyingi, na jiji hili lina hospitali nyingi, na katika kila moja kuna mtu mwenye funguo na hofu yake, na kuna mtu anayeuma shuka. Wawezeshaji wamebaki wanne, na mwalimu wao jioni hii tunamsafirisha Butere. Mimi sioni wataweza vipi. Wayua naye ameniambia haoni. Lakini asubuhi hii alinikabidhi programu hizi za ibada mlizoshika, akaniomba ruhusa asije kwenye mazishi kesho, kwa sababu wodi ya wanaume, ghorofa ya juu ya hospitali ileile, imekubali aende akawasaidie kutandika.

Marehemu amemwacha mumewe, Japheth Kweyu. Watoto wake, Marion na Andati. Mama yetu, Rasoa, ambaye kesho atamzika mtoto aliyemkataza kuvua kofia. Eve na mimi, wadogo zake. Na wanafunzi wake wanne, ambao sheria haiwahesabu kuwa jamaa. Baba yetu alimtangulia mwaka wa 1988. Kesho, Jumamosi, tutamlaza nyumbani kwa Kweyu.

Na Mungu, ambaye hangoji tupige kelele ndipo ajue tunaumwa, ampe Lenah usingizi kama ule wa Bi Batulo.